Karani wa Forodha Aliyejenga Nchi Angani

Mwaka 1912 Mmarekani Edgar Rice Burroughs alimpeleka shujaa wake sayari ya Mirihi, akampa upanga, maadui wa kijani wenye mikono minne, na binti mfalme wa kumuoa. Kisa kilitoka kwa mfululizo kwenye jarida la bei chee, wasomaji wakakichangamkia. Hapa chuoni ukitaja hadithi za dunia nyingine, wengi mawazo yanaruka moja kwa moja kwa Wamarekani. Lakini nasi tulikuwa na mtu aliyejenga nchi nzima huko juu, na alikuwa karani wa serikali.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, Tanga. Sisi tuliokulia Bariadi, ambako Kisukuma ndicho cha nyumbani na Kiswahili ni cha shule na mnadani, tumezoea kumsoma kama mgeni wa heshima kutoka pwani. Kumbe ukoo wake wenyewe ulikuwa wa Wayao, watu wa bara. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaajiriwa Idara ya Forodha na kubaki humo mpaka 1944, leo kituo hiki, kesho kile. Baadaye alifanya kazi Idara ya Wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho Idara ya Upimaji. Chuo kikuu hakukanyaga, na boom hakuijua. Aliandika akitoka kazini.

Mwaka 1951 kikatoka Kusadikika. Nchi yenyewe inaelea angani na mipaka yake ni pepo: Kaskazi, Kusi, Matlai na Umande. Sasa mpaka wa upepo utaulinda vipi? Huko kijana Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Mshitaki wake ni waziri Majivuno. Kwa siku sita Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata taabu, akarudi na mambo mazuri ya kuifaa nchi, na zawadi yake ikawa jela.

Kiukweli, anayetafuta mapigano atachoka. Hotuba ni ndefu, na majina yanatoboa siri mapema mno. Ukishaitwa Majivuno, nani atakuamini? Ila shujaa wa Burroughs anashinda kwa sababu Mirihi haina uzito mkubwa, basi anaruka juu kama panzi. Karama ana ulimi tu. Anashinda, na wale sita wanafunguliwa.

Kwa nini angani? Mwandishi alikuwa Mwafrika anayekula mshahara wa mkoloni. Angeyaandika hayo juu ya Tanganyika, kibarua kingeota nyasi, au zaidi ya hapo. Na hayakuwa mambo ya kufikirika. Usukumani miaka hiyo wakulima walikuwa wakilazimishwa kulima kwa matuta na kupunguza ng'ombe, na mkaidi aliadhibiwa. Mwaka 1954, miaka mitatu tu baada ya Kusadikika, serikali ilipiga TANU marufuku Usukumani, ikaiachia 1958. Bariadi ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Maswa. Walimu wetu walitufundisha dhamira za kitabu hiki, wakatukaririsha wahusika na sifa zao, lakini sikumbuki hata mara moja tukiambiwa kwamba Kusadikika palikuwa pia hapa, kwa mababu zetu waliohodhiwa matuta na mifugo yao.

Shaaban Robert aliuona Uhuru, ingawa kwa muda mfupi. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, akazikwa Machui. Nchi yake nyingine ya kubuni, Kufikirika, ambako mfalme anahangaika kupata mrithi, ilichapishwa 1967, mwenyewe akiwa kaburini mwaka wa tano.