Kofia ya Kwapani

Kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza kama kujifundisha Kilatini kuna faida. Aghalabu ni yule aliyesikia kwamba maneno mengi ya sheria na ya utabibu yametoka huko, naye anatamani kuwatangulia wenzake kabla ya kuingia chuo kikuu. Badala ya kumjibu ndiyo au la, mimi humsimulia maisha ya Benjamin Franklin, Mmarekani aliyejifundisha lugha hiyo mwenyewe, kisha akaja kuipinga ilipokalishwa kiti isichostahili.

Franklin alizaliwa mjini Boston mwaka 1706, mwana wa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni aliyejaliwa watoto 17. Baba alinuia kumtoa mwanawe huyu kwa kanisa, na alipotimiza miaka minane akampeleka shule ya Kilatini. Mtoto alipanda upesi hata akaongoza darasa lake, lakini hakumaliza mwaka. Baba alipiga hesabu ya gharama za chuo, akaona mzigo haubebeki, akamhamishia shule ya kuandika na hesabu. Alipofika miaka 10 alirudishwa nyumbani kukata tambi za mishumaa, na miaka miwili baadaye akawa mwanagenzi katika kiwanda cha chapa cha kaka yake.

Tangu hapo mwalimu wake akawa kitabu. Mwaka 1733, akiwa mpiga chapa wa kujitegemea mjini Philadelphia, alianza kujifunza lugha za kigeni. Alishika Kifaransa kwanza hata akaweza kusoma vitabu vyake bila taabu, kisha akaingia Kiitaliano. Rafiki yake mmoja, aliyekuwa akijifunza lugha hiyo pia, alimshawishi mara kwa mara wacheze sataranji, mchezo uliokula saa za masomo. Franklin akaweka sharti: mshindi atampa mshinde kazi, ama sehemu ya sarufi ya kukariri ama kifungu cha kutafsiri, nayo ifanywe kabla hawajakutana tena. Kwa kuwa uwezo wao ulikaribiana, walishindana hivyo hata wote wawili wakaipata lugha. Baadaye akaongeza Kihispania.

Ndipo siku moja alipofungua Maandiko Matakatifu ya Kilatini, akastaajabu kuona anaelewa kuliko alivyotarajia. Lugha zile tatu, ambazo zote ni binti za Kilatini, zilikuwa zimemfungulia mlango wa mama yao. Akarudi kwenye somo aliloliacha utotoni, na safari hii akafanikiwa. Kutokana na hayo aliamini kwamba shule zimepindua utaratibu. Yawezekana mtu kufika juu ya ngazi bila kukanyaga vidato, lakini anayeanza na kidato cha chini hupanda kwa urahisi zaidi. Tena anayeanza na Kilatini akakata tamaa njiani hubaki mikono mitupu, ilhali aliyeanza na lugha hai, hata akiishia katikati, ana kitu cha kumfaa. Kifaransa kilimfaa mno yeye mwenyewe alipokuwa mjumbe wa taifa lake nchini Ufaransa kuanzia mwaka 1776 hadi 1785.

Mwaka 1749 alitoa mapendekezo ya kuanzisha shule ya vijana wa Pennsylvania. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1751, na ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Franklin alitaka Kiingereza, lugha ya watoto wenyewe, kifundishwe kwa uzito. Watu wenye mali na elimu, ambao msaada wao ulihitajika, wakadai Kilatini na Kigiriki. Wadhamini wakapiga kura: mwalimu wa Kilatini alipwe pauni 200 kufundisha wavulana 20, na mwalimu wa Kiingereza alipwe pauni 100 kufundisha wavulana 40. Cheo cha mkuu wa shule akapewa yule wa kwanza. Wa pili hakupewa cheo chochote.

Dhuluma hiyo haikumtoka moyoni. Mnamo Juni 1789, mzee na mgonjwa, miezi kumi kabla ya kufariki, aliiandika yote. Akakumbusha kwamba zamani kofia ilivaliwa ili kukinga kichwa. Ilipozuka fasheni ya nywele za bandia na nywele za kutiwa poda, waungwana waliacha kuivaa wasije wakaziharibu, lakini desturi ikawalazimu kuibeba kwapani. Kwake yeye, Kilatini kilikuwa kofia ya namna hiyo. Kilikuwa na kazi zama zile ambapo elimu yote ya Ulaya ilikuwa ndani yake. Kazi ikaisha, heshima ikabaki.

Mimi nakubaliana naye kwa sehemu. Kilatini si takataka, na Mswahili ana kidato chake cha kukikaribia. Tunaposema tunapenda, Mrumi alisema amamus: neno moja lililobeba mtenda na kitendo, kama letu. Kwa hivyo humwambia mwanafunzi wangu ajifunze akitaka, mradi kwanza aimarishe lugha anazoziishi.

Kinachonikereketa ni ile kura ya wadhamini. Hapa Kenya Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa mwaka 1985, hata hivyo zipo shule ambamo mtoto huadhibiwa akikizungumza nje ya kipindi chake, na mwalimu wake huonekana mdogo kuliko wenzake. Walimu wenzangu, kabla hatujamcheka mzungu wa kale aliyebeba kofia asiyoivaa, tutazame kwanza tunachobeba sisi kwapani, na vichwa vya watoto tunavyoviacha wazi juani.