RUDOLF DIESEL NA INJINI YAKE

Ukisimama karibu na stesheni ya TAZARA mjini Ifakara, utaona kichwa cha treni kikivuta mabehewa pasipo moto wa makaa wala nyaya za umeme. Wakati wa mavuno utasikia pia ngurumo za matrekta na malori yaliyojaa mpunga katika bonde la Kilombero. Mashine hizo huendeshwa kwa injini ya dizeli, na neno dizeli ni jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Vita vya mwaka 1870 baina ya Ufaransa na Wajerumani viliwalazimu kuhamia London, naye Rudolf, akiwa na miaka 12, akapelekwa Augsburg, Ujerumani, kuishi kwa jamaa na kusoma. Baadaye alisoma chuo cha ufundi mjini Munich. Huko alijifunza kwamba injini za mvuke zilipoteza joto jingi mno: katika kila sehemu 100 za joto la makaa, kiasi cha sehemu 90 zilipotea bure. Jambo hilo halikumpa raha.

Chukua bomba la baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mara kadhaa. Utaona kuwa bomba linapata joto. Hewa ikigandamizwa hupata joto, na juu ya kanuni hiyo Diesel alijenga injini yake. Ndani ya silinda, pistoni huigandamiza hewa hata joto lake likapita nyuzi 500 za Selsiasi. Mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe, bila cheche ya plagi.

Kueleza ni rahisi. Kutenda kulikuwa kugumu. Katika jaribio la mwaka 1893, mafuta yaliwaka kwa kishindo na kipimo cha injini kikapasuka. Mwaka 1894 injini ilijiendesha kwa dakika moja tu. Mwaka 1897, hatimaye, iligeuza kuwa kazi zaidi ya robo ya joto la mafuta yake. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa hata kwa mafuta ya karanga!

Usiku wa tarehe 29 Septemba, 1913, Diesel alikuwa katika meli iitwayo Dresden akielekea Uingereza. Asubuhi hakuonekana. Siku chache baadaye mwili wake ulionekana baharini, na mwanawe akavitambua vitu vilivyotolewa mifukoni mwake.

Injini yake iliendelea kuenea, pamoja na ila yake: masizi. Mafuta yasipoungua sawasawa hutoa chembe nyeusi ndogo mno, nazo huingia hata ndani ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Magari mengi ya siku hizi hufungwa chujio katika bomba la moshi. Chujio hilo lina vijitundu vingi kama sega la nyuki; hunasa masizi, kisha joto kali huyateketeza.

Fikiri sasa juu ya gari liendalo kila siku kutoka sokoni Ifakara hadi darajani Kilombero na kurudi. Safari ni fupi, chujio halipati joto la kutosha, na masizi hujazana. Taa ya onyo huwaka na gari hukosa nguvu. Fundi hodari hupima msukumo wa moshi kabla ya chujio na baada yake. Tofauti ikiwa kubwa, chujio limeziba. Ndipo hutafuta sababu: pengine nozeli inavuja, au kisafisha hewa kimejaa vumbi la barabara. Akiisha kutengeneza kasoro hiyo, gari huendeshwa safari ndefu kwa mwendo usiobadilika ili masizi yaungue. Majivu hayaungui, yakizidi, chujio hufunguliwa na kusafishwa.

Wapo wanaolikata chujio na kulitupa. Gari hupata nguvu tena, lakini masizi yote hutoka nje, kwa wapanda baiskeli na watoto waendao shule kando ya barabara.