Henri Tajfel, mfungwa wa vita aliyetaka kujua kwa nini tunapendelea wa kwetu

Wakati jeshi la Ujerumani liliposhinda Ufaransa katikati ya mwaka wa 1940, askari wengi sana wa Ufaransa walikamatwa na kupelekwa kambini kama wafungwa wa vita. Kati yao mulikuwa kijana mmoja, Henri Tajfel. Alivaa uniforme ya Ufaransa na alisema Kifaransa, lakini Ufaransa haikuwa kwao. Alizaliwa tarehe 22 Juni 1919 katika mji wa Włocławek, Polandi, katika familia ya Wayahudi, na jina alilopewa wakati wa kuzaliwa lilikuwa Hersz Mordche. Kule Polandi vyuo vikuu vilikuwa vinapunguza nafasi za Wayahudi. Njo maana alienda Ufaransa kusomea kemia, na vita ikamukuta kule.

Kambini, maneno mawili yaliweza kuamua kama ataishi ao atakufa: kama yeye ni Myahudi, na kama anatoka inchi gani. Kuhusu la kwanza alisema kweli. Kuhusu la pili alidanganya, akaandikwa kuwa Mfaransa, na uongo ule njo ulimuponyesha. Myahudi aliyekuwa askari wa Ufaransa aliweza kuhesabiwa kama mfungwa wa vita sawa na wenzake. Myahudi wa Polandi, kama angejulikana, angeuawa. Miaka mitano Tajfel alilala na kuamka na siri hiyo, katika makambi ya Ujerumani na Austria.

Baadaye alirudilia mara nyingi jambo moja la kule kambini. Katika miaka mitano, mfungwa na mlinzi wanazoeana. Mlinzi anajua nani ni mpole, nani anapenda mizaha, nani ni mvivu. Lakini Tajfel alijua kwamba siku asili yake ingefunuliwa, hayo yote yasingesaidia kitu. Hata mlinzi aliyemupenda, mtu aliyeonekana naye kila asubuhi, angeacha kumuona Henri na angeona paka jina la kundi. Tabia yake, akili yake, urafiki wake, vyote vingefutika kwa saa moja.

Mwaka wa 1945 alirudi Paris kwa treni pamoja na wafungwa wengine. Karibu watu wote aliowajua mbele ya vita, pamoja na familia yake, walikuwa wamekufa. Kemia aliiacha. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi na mashirika yaliyosaidia watoto yatima na wakimbizi wa vita, Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Mwaka wa 1948 alioa, na mwaka wa 1951 akahamia Uingereza na mke wake. Alikuwa na miaka zaidi ya 30, bila diplome ya chuo kikuu, na Kiingereza haikuwa luga yake. Akajiandikisha kusoma saikolojia katika chuo cha Birkbeck, London. Alipata bourse ya wanafunzi watu wazima kwa kuandika insha. Na kichwa cha insha kilikuwa nini? Kumuhukumu mtu mbele ya kumujua. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwa mzaha kwamba huenda walimupa ile bourse juu maisha yalikuwa yamekwisha kumufundisha somo hilo.

Siku zile wataalamu wengi walieleza chuki ya makundi kwa njia mbili. Wengine walisema ni ugonjwa wa roho: mtu aliyelelewa vibaya njo anachukia wengine. Wengine walisema ni unyama uliomo ndani ya damu yetu. Tajfel hakukubali. Alikuwa ameona watu wa kawaida, wenye akili timamu, wakitumikia mauaji. Kwake, mtu anayegawa watu makundi anafanya kazi ile ile akili inafanya kila siku ili kuelewa dunia: kupanga vitu, kuviita majina, kuvitenga.

Mwaka wa 1963 alitoa matokeo ya jaribio moja dogo, alilofanya pamoja na mwenzake Wilkes. Waliwaonyesha watu mistari minane, mmoja mmoja, wawaambie urefu wake. Mistari minne mifupi iliwekewa herufi A, na minne mirefu herufi B. Basi, watu wakaanza kukosea kwa namna moja. Ule mstari mrefu kati ya mifupi, na ule mfupi kati ya mirefu, vilikuwa vinakaribiana sana. Lakini wao waliviona vimeachana mbali zaidi kuliko vilivyo. Pale herufi zilipoondolewa, kosa lile halikuonekana vile. Inaweza kuonekana kama mchezo wa watoto wa shule. Lakini mistari haina kabila, haina dini, hakuna anayeichukia. Kama jina tu linaweza kudanganya macho kuhusu mstari wa wino, litafanya nini kuhusu mtu?

Mwaka wa 1967 akawa profesa katika chuo kikuu cha Bristol, na kule njo alifanya kazi iliyomufanya ajulikane duniani kote. Alitaka kupata kundi ambalo ndani yake hamuna kitu: hamuna historia, hamuna ugomvi wa udongo, hamuna faida. Kisha angeongeza jambo moja moja, aone ni lipi linaleta upendeleo.

Wakachukua vijana 64 wa shule, wenye miaka 14 na 15, waliojuana tayari. Waliwaonyesha vitone vingi kwa haraka, kila mmoja akisie hesabu. Kisha wakawaambia kwamba wamegawanywa kufuatana na makisio yao. Haikuwa kweli: waligawanywa ovyo tu. Kila kijana akaingia peke yake katika chumba kidogo na kitabu cha karatasi zenye hesabu, agawie wenzake wawili pointi zenye thamani ya feza kidogo. Majina ya wale wawili hayakuandikwa. Kilichoandikwa ni namba, na kundi la kila mmoja. Na yeye mwenyewe hakuweza kujipa hata pointi moja.

Wakati wote wawili walikuwa wa kundi moja, vijana waligawa kwa haki. Wakati mmoja alikuwa wa kundi lao na mwingine wa kundi la pili, wengi walimupa wa kwao zaidi. Hawakuzungumza naye, hawakumuona, na hawakujua ni nani. Tajfel alifikiri kwamba hapo ataanzia sifuri. Kumbe upendeleo ulikuwa umekwisha kuingia.

Jaribio la pili, na vijana 48, liliwagawa kwa picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky. Karatasi moja iliwapa nafasi ya kuchagua: wa kwetu 19 na mwingine 25, ao wote wawili 13 kwa 13, ao wa kwetu 7 na mwingine 1. Mutu anayetafuta faida angechukua 19. Lakini vijana walivutwa kuelekea upande ule ambapo wa kwao wanapata kidogo lakini wanabaki juu ya wengine. Kati ya matokeo yote ya Tajfel, hili njo linauma zaidi. Mtu anaweza kukubali kundi lake lipoteze, mradi lile lingine lipoteze zaidi.

Kuna waliopinga. Walisema vijana wale hawakupewa njia ingine ya kutambua watu isipokuwa jina la kundi, na pengine walikisia kile mwalimu anataka. Pingamizi hilo lina uzito. Na baadaye watafiti wa Ujerumani, pamoja na Amélie Mummendey, waligundua kwamba ukiwaomba watu wagawe adhabu badala ya zawadi, upendeleo kwa kawaida unapungua sana ao kutoweka. Kwa hiyo kupendelea wako na kutaka kuumiza wengine si kitu kimoja. Kutoka kwa kimoja kwenda kwa kingine, lazima kuwe jambo lingine katikati.

Tajfel mwenyewe alijua kwamba vitone havielezi vita. Mwaka wa 1979, pamoja na mwanafunzi wake wa zamani John Turner, aliandika kwamba mtu anapata sehemu ya heshima yake katika kundi lake, na kundi hilo linapozarauliwa anatafuta njia: kulihama kama mlango uko wazi, kugeuza maana ya kile kilichozarauliwa, ao kushindana ili mpango wa mambo ubadilike. Kwa njia ya pili alipenda mfano wa Wamarekani weusi walioanza kujivunia rangi ambayo ilikuwa imetukanwa siku nyingi.

Alikufa kwa kansa tarehe 3 Mei 1982, akiwa na miaka 62. Shirika la wataalamu wa saikolojia ya jamii la Ulaya, ambalo alisaidia kulijenga, liliita tuzo yake kubwa kwa jina lake. Mwaka wa 2019, kisha ushuhuda kutolewa kuhusu namna alivyowasumbua wanawake waliofanya kazi karibu naye, shirika hilo liliondoa jina la Tajfel kwenye tuzo. Maandiko yake wanaendelea kuyasoma.