Sir Nigel Gresley, Mjenzi wa Injini za Gari la Moshi

Huko Uingereza picha za magari ya moshi ya zamani zina wapenzi wengi. Nyingine huchapwa nakala chache tu, kila moja ikatiwa nambari na sahihi ya mchoraji, kisha hazichapwi tena. Katika picha hizo, injini ninayokutana nayo mara kwa mara ni ile ya samawati yenye pua iliyolala kama kabari, jina lake Mallard. Wengi wanaijua picha, aliyeibuni hawamjui.

Herbert Nigel Gresley alizaliwa Edinburgh mwaka wa 1876, mtoto wa kasisi, akalelewa katika kijiji cha Netherseal. Alisoma shule ya Marlborough, na alipotoka hapo akawa mwanagenzi katika karakana ya reli ya Crewe. Mwaka wa 1911 alikuwa mkuu wa injini wa reli ya Great Northern, na tangu 1923 mhandisi mkuu wa kampuni ya LNER. Flying Scotsman nayo ni kazi yake. Cheo cha Sir alikipata mwaka wa 1936.

Jambo lisiloonekana katika picha ni silinda ya tatu. Silinda mbili ziko nje, moja kila ubavu. Ya tatu imefichwa katikati. Kwa silinda tatu injini huvuta sawasawa zaidi. Vali ya ile ya kati Gresley aliifanya iendeshwe na vyuma vilivyoshikana na vali za nje. Ulikuwa werevu mkubwa, ila vyuma vile vikichakaa, silinda ya kati hubebeshwa kazi kupita kiasi.

Tarehe 3 Julai 1938 Mallard iliteremka mteremko wa Stoke na mabehewa saba, dereva akiwa Joe Duddington na mchochea moto Tommy Bray. Mwendo ulifika maili 125 kwa saa, na kwa kitambo kidogo sana 126, yaani kama kilomita 203. Hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuupita mpaka leo. Lakini beringi ya silinda ile ya kati iliungua, Mallard ikafunguliwa Peterborough, na treni ikamaliza safari kwa injini nyingine. Wachoraji hupenda ule mteremko. Mimi ningefurahi kuona picha ya Peterborough.

Gresley mwenyewe hakukubali 126. Kwake rekodi ilikuwa 125. Alifariki Aprili 1941, wakati wa vita, akazikwa Netherseal. Mwaka wa 1948 Mallard ilibandikwa vibao vya ukumbusho ubavuni. Vimeandikwa 126.