Fabre, mwalimu maskini aliyeifuata harufu ya nondo

MFUGAJI yeyote wa nyuki anajua kwamba akidungwa na nyuki mmoja, wengine humjia papo hapo kwa hasira. Leo sayansi inaeleza kuwa mwiba ule huacha harufu inayotangaza hatari. Miongoni mwa waliofungua njia ya elimu hiyo ni Jean-Henri Fabre, mwalimu wa Ufaransa ambaye hakuwa na maabara wala fedha.

Fabre alizaliwa Desemba 21, 1823, katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa fukara, wakihamahama kutafuta riziki. Alipata ufadhili wa kusomea ualimu mjini Avignon, na akiwa na umri wa miaka 18 alianza kufundisha Carpentras. Mengi aliyoyajua alijifunza mwenyewe usiku, hadi akatunukiwa shahada ya uzamifu jijini Paris mnamo 1855.

Hata hivyo, mshahara wake haukukidhi mahitaji ya familia. Kwa miaka kadhaa alitafuta njia bora ya kutoa rangi nyekundu katika mizizi ya mmea, akitumaini kwamba mapato yangempa nafasi ya kuchunguza wadudu. Mwishoni mwa miaka ya 1860, wanakemia wa Ujerumani waligundua namna ya kuitengeneza rangi hiyo kwa kemikali. Jasho lake likaenda bure.

Pigo la pili halikukawia. Katika masomo ya jioni, Fabre aliwaeleza wasichana jinsi maua yanavyochavushwa. Wahafidhina wa Avignon walikuja juu, naye akafukuzwa katika nyumba aliyopanga pamoja na mkewe na watoto. Aliyemwokoa ni rafiki yake, mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, aliyemkopesha faranga 3,000. Fabre alihamia Orange, akaishi kwa kuandika vitabu vya shule, na deni hilo akalilipa.

Mnamo 1879 alinunua kiunga kilichojaa mawe na miiba huko Sérignan, alichokiita Harmas. Wakati wataalamu wengi waliwatundika wadudu waliokufa kwa pini, yeye aliwatazama wakiwa hai. Aliyoyaona aliyaandika katika juzuu 10 za Souvenirs entomologiques, zilizotoka kati ya 1879 na 1907.

Asubuhi moja ya mwezi Mei, nondo wa kike wa aina kubwa kuliko wote barani Ulaya alianguliwa mezani pake, naye akamfunika kwa wavu. Usiku huo nondo wa kiume wapatao 40 waliivamia nyumba, wakipita gizani katikati ya miti. Katika muda wa siku nane, walifika takriban 150.

Ni nini kilichowaita? Fabre alihamisha wavu kila usiku, nao wakaupata. Alitandaza dawa zenye harufu kali, lakini hazikuwazuia. Alipomfungia jike ndani ya chombo kisichopitisha hewa, hakuna aliyekuja. Kwa kuwa pua ya binadamu haikunusa lolote, alisitasita kusema kuwa ni harufu.

Jibu alilipata kwa nondo wa aina nyingine, baada ya kumngoja kwa miaka mitatu. Alimweka jike ndani ya kioo, mbele ya dirisha, mahali pa kuonekana wazi. Madume walimpita bila kumjali, wakaenda kukusanyika kwenye kona alikokuwa amelala usiku uliotangulia. Macho hayakuwa na kazi hapo. Walichokifuata ni harufu iliyobaki.

Haikuwa kila mara Fabre alipoiona harufu. Alitazama viwavi wa misonobari wakizunguka kwa foleni kwenye ukingo wa chungu kwa siku saba, kila mmoja akimfuata aliyetangulia. Aliamini wameshikwa na uzi wa hariri walioutandika. Watafiti wa baadaye walionyesha kuwa kinachowaongoza hasa ni kemikali wanayoiacha njiani.

Fabre alifariki Oktoba 11, 1915, akiwa na umri wa miaka 91. Ilichukua miaka mingine 44 kabla ya kemikali ya aina hiyo kutambuliwa. Mnamo 1959, Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kemikali ya mvuto ya nondo wa hariri, waliyoipata kwa kutumia tezi za majike wapatao 500,000. Mwaka huo huo ndipo neno feromoni lilipobuniwa.

Tangu hapo imebainika kuwa jamii nzima za wadudu hutawaliwa kwa kemikali hizo. Malkia wa nyuki huzitumia kuzuia vibarua wasitage mayai, nao chungu hujichorea njia ya kwenda kwenye chakula. Nchini Kenya, kituo cha icipe, kilichoanzishwa mnamo 1970, kimewafunza wakulima kutumia harufu za mimea: desmodiamu hupandwa kati ya mahindi kuwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, na nyasi za nepia huzunguka shamba kuwavuta waende nje. Mkulima hazinusi harufu hizo, kama vile Fabre hakumnusa nondo wake.