Jack Leslie: Aliitwa timu ya taifa, kisha akafutwa

Kila orodha ya timu ya taifa inapotangazwa, pale Kobero mpakani kazi husimama kidogo. Wabadilisha fedha, wapakiaji wa malori na akina mama wa maharage wanaacha kuhesabu, ubishi unaanza. Kwa nini fulani ameachwa ilhali anafunga kila Jumapili? Mmoja atajibu kuwa ligi anayochezea ni hafifu. Mwingine atauliza alizaliwa wapi na baba yake ni nani. Likifika swali hilo la mwisho, mimi humkumbuka Jack Leslie.

Marehemu Leslie alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 Canning Town, mtaa wa wafanyakazi wa bandari mashariki mwa London. Baba yake alitoka Jamaika, mama yake alikuwa Mwingereza. Alijifunza ufundi wa boila, na jioni alicheza mpira. Alianzia timu ndogo ya Barking, na mwaka 1921 akasajiliwa na Plymouth Argyle, klabu ya mji wa bandari kusini-magharibi mwa Uingereza.

Alicheza ndani upande wa kushoto, mtu ambaye leo tungemwita namba kumi. Pembeni yake alikuwa winga Sammy Black, na wawili hao walizitesa ngome za Daraja la Tatu Kusini. Plymouth ilishika nafasi ya pili misimu sita mfululizo, kuanzia 1922 hadi 1927. Balaa ni kwamba aliyepanda daraja alikuwa bingwa peke yake. Walipanda mwaka 1930. Leslie alifikia kuwa nahodha, na hadi anastaafu alikuwa ameichezea klabu hiyo mechi 401 na kufunga mabao 137.

Sasa turudi Oktoba 1925. England haikuwa na kocha mmoja wa kuchagua wachezaji. Kazi hiyo ilifanywa na kamati ya wakubwa wa chama, na baadhi yao hawakuwa wamewahi kumwona mchezaji waliyempigia kura. Meneja wa Plymouth, Bob Jack, alimwita Leslie ofisini akampa habari njema: ameitwa kwa ajili ya mechi dhidi ya Ireland mjini Belfast. Magazeti yakalichapa jina lake miongoni mwa wachezaji wa akiba. Mji mzima ukafurahi.

Siku chache baadaye orodha ilitoka tena, jina lake halimo. Alipokuwa mzee, Leslie alisimulia kuwa wakubwa walikuja kumtazama, na kilichowashughulisha ilikuwa rangi ya uso wake. Tarehe 24 Oktoba England ilitoka sare ya 0-0 na Ireland. Siku hiyohiyo Plymouth iliifunga Bournemouth 7-2, na Leslie akapachika mawili. Hakuitwa tena kamwe.

Wapo watakaosema alikuwa wa daraja la tatu, kwa hiyo kuachwa ni haki. Hoja hiyo haisimami. Februari ya mwaka huohuo, England ilimchezesha Tommy Cook wa Brighton dhidi ya Wales, naye alikuwa mshambuliaji wa Daraja la Tatu Kusini vilevile. Tena kamati ilikwisha kukubali kiwango cha Leslie, ndiyo maana ilimwita. Uwezo wake haukupungua kati ya orodha ya kwanza na ya pili.

Wasomaji waliorudi kutoka ukimbizini hawahitaji kuelezwa sana. Mimi nilisoma ugenini. Mwaka mmoja jina langu lilibandikwa ukutani kwa timu ya kwenda mashindano, kesho yake likakatwa kwa wino mwekundu. Niliambiwa nafasi ni za wenyeji. Niliporudi nyumbani, wapo walioniita mgeni kwa sababu ya lafudhi. Sikuwa na kipaji cha Leslie, lakini wino ule naukumbuka hadi leo.

Yeye aliendelea kucheza hadi alipoumia jicho, akaacha mpira katikati ya miaka ya 1930, akarudi kwenye boila. Uzeeni alipata kazi West Ham, karibu na alikozaliwa, ya kusafisha njumu za wachezaji. Miongoni mwa njumu hizo zilikuwamo za Bobby Moore, Geoff Hurst na Martin Peters, walioipa England Kombe la Dunia mwaka 1966. Mwaka 1978, miaka 53 baada ya jina la Leslie kufutwa, Viv Anderson akawa Mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya England. Leslie aliishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1988.

Mashabiki wa Plymouth walichangisha fedha, na Oktoba 2022 sanamu yake ikazinduliwa nje ya uwanja wa Home Park. Machi 2023 chama cha soka cha England kiliikabidhi familia yake kofia ya heshima, ile wanayopewa waliochezea taifa. Mwenyewe alikuwa kaburini miaka zaidi ya 30.

Ndugu zangu wa mpakani, tuendelee kubishana. Tuhesabu mabao, tupime pasi, tuulize kama mtu ana pumzi ya dakika 90. Lakini anayeuliza baba wa mfungaji alitoka wapi, huyo hazungumzii mpira tena.