Hayati Sokoine: Mfano wa kuigwa aliyepita Kilosa siku yake ya mwisho

MSAFARA wa magari ya Serikali uliotoka Dodoma Aprili 12, 1984 ulipita Gairo, ukateremka hadi Dumila, kisha ukaingia katika tambarare ya Wami. Wakati huo Gairo na Dumila zote zilikuwa ndani ya Wilaya ya Kilosa, kwani Gairo ilipata wilaya yake mwaka 2012. Katika msafara huo alikuwamo Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa akirejea Dar es Salaam baada ya mkutano wa Bunge.

Hakufika. Eneo la Dakawa, mbele ya mpaka wa Kilosa, gari lake liligongana na gari jingine naye akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 45. Jioni hiyo Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe aliwatangazia wananchi msiba huo kupitia Redio Tanzania.

Kifo hicho kimeandikwa sana, na minong'ono juu yake haijaisha hadi leo. Maisha yaliyokitangulia hayasimuliwi mara nyingi kiasi hicho, ingawa ndiyo yangemfaa zaidi kijana anayeishi kando ya barabara ile ile.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne Mikumi huyaona malori ya Zambia yakipita usiku na mchana, na magari ya watalii yakielekea katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mwenzake wa Kilosa mjini huiona treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 huwapeleka abiria Dodoma na Dar es Salaam. Karibu kila chenye mwendo kinampita. Akiuliza afanye nini na maisha yake, hupewa mifano ya matajiri wa Marekani au wasanii wenye majumba ya kifahari Dar es Salaam. Si vibaya kuwajua watu hao, lakini anaonyeshwa kilele bila kuonyeshwa njia, na mtu hawezi kuiga kilele.

Njia ya Sokoine inahesabika hatua kwa hatua. Alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Kati ya mwaka 1948 na 1958 alisoma Monduli na baadaye Umbwe, Kilimanjaro. Katika jamii yake ya miaka hiyo, mtoto wa kiume alitarajiwa kwanza awe mchungaji wa ng'ombe na kisha morani. Kumpeleka shule mtoto kama huyo kulikuwa ni kupunguza mikono ya kazi bomani, na wazazi wengi hawakuona faida yake.

Mwaka 1961 alijiunga na TANU. Mwaka uliofuata alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, na aliporudi alipewa kazi ya Ofisa Mtendaji katika Wilaya ya Masai. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi wa mjini watalipita haraka, na huenda ndilo kubwa kuliko yote. Kijana aliyekwisha kuiona Ulaya alirudi wilayani kwake, kwenye mambo ya maji, mifugo, njia na shule. Mwaka 1965 wananchi hao hao walimchagua kuwa mbunge wao.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1967 alikuwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi. Mwaka 1970 akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Mwaka 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Februari 1977 alimrithi Rashidi Kawawa kwenye kiti cha Waziri Mkuu akiwa na miaka 38, na hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Katika kipindi chake Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera.

Mwaka 1980 aliacha uwaziri mkuu kwa sababu za afya, na Cleopa Msuya akashika nafasi hiyo. Wengi wangetarajia kwamba mtu aliyefika pale angejipumzisha kwenye shamba lake na kula heshima aliyokwisha kuipata. Sokoine alikwenda Yugoslavia kusoma. Mtu aliyewahi kuongoza Baraza la Mawaziri alirudi kukaa kwenye dawati la mwanafunzi, naye ana zaidi ya miaka 40. Katika nchi ambayo wakubwa huona haya kukiri kwamba kuna jambo wasilolijua, mwandishi wa makala haya analiona tendo hilo kuwa zito kuliko cheo chochote alichowahi kupewa.

Februari 1983 Mwalimu alimrudisha kwenye kiti kile kile, wakati nchi ikiwa hoi. Vita ya Kagera ilikuwa imekausha hazina na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Sabuni, khanga na mafuta ya kupikia vilikuwa adimu madukani, na hata nchi yenye kiwanda cha sukari cha Kilombero, kusini kidogo mwa Mikumi, ilipanga foleni ya sukari. Machi mwaka huo Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Maghala yalipekuliwa, bidhaa zilizofichwa zikatolewa nje, na watu zaidi ya elfu moja wakakamatwa. Wananchi wengi walimshangilia, na jina lake limebaki vinywani mwao kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, anayetaka kumfanya mtu mfano wa kuigwa hana budi kumtazama mzima. Sheria iliyotungwa mwaka 1983 iliunda mahakama maalumu ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa dhamana wala wakili. Katika wavu uliotupwa kwa ajili ya mapapa walinaswa pia dagaa, yaani wachuuzi wadogo waliokutwa na katoni chache za bidhaa. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka huo nayo iliwasaka wakazi wa mijini wasio na ajira ili wapelekwe mashambani, na baadhi yao walikuwa na shughuli zao halali, ila hazikutambuliwa kuwa kazi. Bunge liliibadili sheria ya uhujumu uchumi mwaka 1984, na mawakili wakarudi mahakamani. Nia njema ya kiongozi haikutosha kumkinga asiye na hatia.

Mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, baada ya shirika la UDA kuelemewa. Msomaji anayekwenda kazini kwa daladala leo yumo ndani ya uamuzi wa enzi hiyo.

Kwa Kilosa, maisha haya yana uzito wa pekee. Wilayani humo wanaishi Waparakuyo, wafugaji wasemao Kimaa kama Wamaasai wa Monduli, wakiwa na vijiji vyao kama Twatwatwa. Ugomvi kati yao na wakulima juu ya malisho na maji umekwisha kumwaga damu. Desemba 2000 watu 38 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni. Mtoto wa mfugaji anayekulia katika hali hiyo huonwa na wengi kuwa wa kukaa porini na ng'ombe wake au, akija mjini, wa kulinda geti la mtu. Mtoto wa mkulima wa Rudewa naye hukua akimwogopa. Aliyetoka boma kama lile la mfugaji ndiye aliyekabidhiwa maghala na mashamba ya nchi nzima, na wakulima hawakuuliza kabila lake.

Julai 1984, miezi mitatu baada ya ajali, Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro kilifanywa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Sokoine. Aliyeliendesha gari lililogongana na la Waziri Mkuu alikuwa mkimbizi kutoka Afrika Kusini, mmoja wa wapigania uhuru waliopewa hifadhi Dakawa. Wenzake walikuwa na shule Mazimbu, mjini Morogoro. Waliporudi kwao mwaka 1992, majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa chuo hicho hicho chenye jina la Sokoine.

Hadi leo chuo hicho humkumbuka kila mwaka kwa mihadhara. Wapo wahitimu wake wanaofanya kazi Ilonga, nje kidogo ya Kilosa mjini, katika kituo cha utafiti ambacho jina lake limo hata kwenye mbegu ya mahindi. Kutoka stendi ya Kilosa hadi huko ni mwendo mfupi wa pikipiki.